Baada ya Shahada ya Pili: Taaluma za Utamaduni na Wino Mwekundu wa Mwalimu

Wapo walimu wa shule za sekondari wanaopenda kuwatania wenzao waliorudi darasani baada ya kusomea shahada ya uzamili katika taaluma za utamaduni. Husema: aliondoka akizijua ngeli, amerudi akimjua Foucault. Utani huo umetiwa chumvi, lakini ndani yake mna shutuma ambayo idara za Kiswahili hazijaijibu vizuri. Shutuma yenyewe ni kwamba masomo haya humwondoa mwanafunzi katika lugha. Anaingia akiwa na sikio la mizani na jicho la sarufi. Anatoka na msamiati mzito wa itikadi, hegemonia na diskosi, na hawezi tena kusoma shairi bila kuliuliza ni nani anayemkandamiza nani. Makala haya yananuia kuipima shutuma hiyo kwa haki. Kuhusu sikio, walalamikaji wana hoja. Kuhusu sarufi na usanifu, nadhani wamekosea, na kosa hilo lina uzito zaidi kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda kuliko kwa wenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa.

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya taaluma hizi, maana wengi wetu huzipokea kana kwamba zilizaliwa katika semina za wanafalsafa wa Paris. Zilizaliwa katika madarasa ya watu wazima. Richard Hoggart, mtoto wa familia ya wafanyakazi wa Leeds, alikuwa akiwafundisha watu wazima fasihi ya Kiingereza chini ya Chuo Kikuu cha Hull alipoandika The Uses of Literacy, kitabu kilichotoka mwaka 1957. Raymond Williams, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli katika kijiji cha Wales karibu na mpaka, alifanya kazi ya namna hiyo hiyo chini ya Oxford tangu 1946 hadi 1961. Wote wawili walikuwa walimu wa lugha na fasihi, na tatizo lao lilikuwa tatizo la mwalimu: watu waliokaa mbele yao walikuja na nyimbo, magazeti, misemo na hadithi zao wenyewe, na silabasi haikuwa na mahali pa kuviweka vitu hivyo. Hoggart akaanzisha kituo cha Birmingham mwaka 1964. Stuart Hall, Mjamaika aliyekwenda Oxford mwaka 1951, akaanza tasnifu juu ya Henry James na kuiacha, kisha akafundisha kwa muda katika shule ya sekondari kusini mwa London, ndiye aliyekuja kukiongoza kituo hicho hadi 1979. Idara iliyotokana nacho ilifungwa na chuo chake mwaka 2002, na Hall akafariki 2014. Kufikia hapo mti ulikuwa umeshapandwa katika nchi nyingi.

Huku kwetu, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe, na mahali pake pawe na idara ambayo fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, ingekaa katikati na nyinginezo zikae pembeni. Hawakujiita wanataaluma wa utamaduni. Lakini swali lao lilikuwa lile lile la Hoggart na Williams: ni nani aliyeamua kwamba hiki ni kitovu na kile ni ukingo? Kwa hiyo mwalimu anayesema kwamba mambo haya ni mageni, yaletwe na waliosoma ng'ambo, hana budi kuutazama ukoo wake vizuri zaidi.

Sasa tutazame kinachobadilika ndani ya mwanafunzi. Hebu tuchukue mfano ulio karibu na kila mwalimu wa Kiswahili, yaani kanga. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akipewa maneno ya kanga, tuseme "Mdhaniaye ndiye siye", huyatia kapu moja na methali. Ataeleza maana ya juu, ataeleza maana ya ndani, atataja mchezo wa "ndiye" na "siye", atatoa funzo, na atapata alama zake. Hakukosea. Lakini hajauliza kwa nini Waswahili huyaita maneno hayo jina la kanga wala si methali ya kanga; wala kwa nini mwanamke aliyejitanda kanga hiyo akapita mbele ya mlango wa jirani yake anaweza kuulizwa anamsema nani, naye akajibu kwa utulivu kwamba yeye amenunua nguo tu.

Aliyesoma taaluma za utamaduni huanzia hapo. Anataka kujua nani alinunua doti ile, amemvalia nani, siku gani, na nani alikuwapo kuisoma. Atamkumbuka Hall, ambaye mwaka 1973, akizungumzia televisheni, alieleza kwamba ujumbe haubaki mikononi mwa aliyeutuma: mpokeaji aweza kuuchukua kama ulivyokusudiwa, aweza kukubali sehemu na kukataa sehemu, au aweza kuupinga moja kwa moja. Akiendelea mbele atamsoma Laura Fair, ambaye katika Pastimes and Politics (2001) alionyesha jinsi wanawake wa Zanzibar waliotoka katika utumwa walivyoiacha kaniki, ile nguo nyeusi ya hali ya chini, wakajitanda kanga ili waonekane kuwa wao sasa ni watu wa mji kama wengine. Kitambaa ambacho jana kilikuwa zoezi la methali leo kimekuwa hati ya historia. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na sioni mwalimu yeyote wa lugha anayepaswa kuyasikitikia.

Ila nina la kuongeza. Mwanamke wa mwambao hakumsubiri Hall amfundishe kwamba ujumbe una wapokeaji wa aina mbalimbali. "Fumbo mfumbie mjinga" ni nadharia ya upokezi iliyokamilika, tena yenye dhihaka. Na Kiswahili kina maneno ya kutosha kupambanua kazi hii: kuna fumbo, kuna kijembe, kuna mpasho, kuna simango, na hakuna kati ya hayo linaloweza kukaa mahali pa jingine bila kuharibu maana. Mwanafunzi anayerudi na hatua tatu za Hall mkononi, lakini hajawahi kukaa akatafakari tofauti ya kijembe na mpasho, amesoma nusu ya somo lake, tena nusu iliyo nyepesi.

Mfano wa kanga ni mtamu, lakini haumuumizi mtu. Mfano unaouma ni ule unaogusa Kiswahili sanifu chenyewe, kwa kuwa sisi ndio walinzi wake na ndio mkate wetu. Mwanafunzi akiandika katika insha "mato" badala ya macho, "nti" badala ya nchi, au "ndoo hapa" badala ya njoo hapa, wino mwekundu utapita. Saa inayofuata, katika somo la ushairi, mwalimu yule yule akifundisha tungo za Muyaka wa Mombasa atayakuta maneno hayo hayo, na hapo atayafafanua kwa heshima: hii ni lahaja ya Kimvita, na huu ni utajiri wa lugha. Tuseme sasa mwanafunzi mwingine, ambaye wazazi wake walitoka Lubumbashi, ameandika "batoto" badala ya watoto, au ametumia "njo" mahali pa ndiyo. Wino utapita, na hakuna saa inayofuata. Hakuna somo ambalo maneno yake yatapewa maelezo ya chini ya ukurasa.

Kwa nini "mato" ina maelezo na "batoto" haina? Hili ndilo swali ambalo mwanafunzi wa taaluma za utamaduni huanza kuliuliza, na walimu wake hawalipendi. Jibu la haraka ni kwamba Muyaka alikuwa malenga na Kimvita ni lahaja kongwe, ilhali Kiswahili cha Katanga ni lugha ya migodini. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini si ukweli wote. Lahaja ya Mombasa nayo ilishindwa pale Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928, na wapenzi wake hawajaacha kulalamika hadi leo. Ila ilikuwa na miswada, ilikuwa na wahariri, na diwani ya Muyaka ilikwisha kuchapishwa kufikia 1940. Kiswahili cha Katanga kilitumiwa na watu walioitwa maboi na makuli. Maneno yao yalirekodiwa hasa na waliotaka kuwaamuru. Johannes Fabian ameieleza kwa kirefu historia ya lugha na utawala katika Kongo ya Wabelgiji katika kitabu chake cha 1986, Language and Colonial Power.

Fabian huyo huyo ndiye aliyetuletea matini ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kusomwa katika kila darasa la uzamili la Kiswahili nje ya Tanzania na Kenya. Ni kijitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, cha mwaka 1965, kilichotungwa na André Yav kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Jina lake ni la Kifaransa, lakini ndani kimeandikwa Kiswahili cha mji ule, na licha ya neno "vocabulaire" si kamusi. Ni historia ya mji na ya utawala wa Wabelgiji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Mji wenyewe ulibadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966, yaani mara tu baada ya kijitabu kuandikwa. Fabian alikichapisha mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, katika kitabu History from Below.

Mpe mwanafunzi wa shahada ya kwanza ukurasa mmoja wa matini hiyo naye atafanya alichofundishwa: atahesabu makosa. Maneno yameunganishwa pasipostahili, yametenganishwa pasipostahili, upatanisho wa ngeli haufuati kitabu chochote, na nukta hazionekani pale anapozitarajia. Atasema, na kwa kipimo chake atakuwa amesema kweli, kwamba huyu mtu hajui kuandika. Mpe mwanafunzi aliyefunzwa vizuri taaluma za utamaduni ukurasa huo huo, na ataona kwamba hapa wamo watu ambao kwa miaka hamsini waliandikwa na wengine katika daftari za kodi na za mishahara, nao sasa wanaandika wenyewe, kwa lugha ambayo hakuna shule iliyowafundisha kuiandika. Atauliza kwa nini walichagua kukiita kitabu chao "msamiati", neno la wenye elimu. Ataona kwamba kukosekana kwa tahajia sanifu ni sehemu ya habari yenyewe.

Hadi hapo ni sifa kwa nadharia. Lakini angalieni jinsi matini hiyo ilivyosomeka hatimaye. Fabian hakuweza kuifungua kwa macho na nadharia peke yake. Alimhitaji Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, aisome kwa sauti. Iliposikika, maneno yaliyokuwa yameshikana yakaachana, na sentensi zikapata mwanzo na mwisho. Yaani ile kazi ambayo sisi walimu wa lugha tunajivunia, kazi ya sikio, ndiyo iliyoitoa historia kwenye karatasi. Mwanafunzi anayedhani kwamba akishapata shahada ya pili ameachana na fonolojia na mizani ajiulize angefanya nini na ukurasa wa Yav bila sikio.

Nimesema jambo hili linatugusa sisi wa Uganda zaidi. Niruhusiwe kulieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu hata wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu huja na historia yake nusu nusu.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa akapinga mwaka 1929, na wamisionari wakubwa pia hawakukubali. Hata hivyo Uganda ilikuwa mwanachama wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kati ya 1952 na 1962 makao ya kamati hiyo yalikuwa hapa Kampala, Makerere. Kwa muongo mzima usanifu wa Kiswahili ulisimamiwa kutoka kilima hiki, katika nchi ambayo shule zake nyingi hazikukifundisha. Wakati huo huo Kiswahili kingine kilikuwa kikiishi maisha yake kambini, katika jeshi la KAR na katika polisi: Kiswahili cha "mimi hapana jua" na "kitu mzuri", chenye ngeli chache na amri nyingi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Kwa familia nyingi za Buganda, Kiswahili cha miaka ile kikawa sauti ya kizuizi cha barabarani usiku. Aprili 1979 askari wa Tanzania waliingia Kampala wakizungumza lugha hiyo hiyo kwa lafudhi nyingine, wakiwa wamekuja kumwondoa Amin. Magharibi ya Nile, na mashariki kuelekea Malaba na Busia, kumbukumbu ni tofauti kabisa. Huko Kiswahili ni lugha ya soko na ya kuvuka mpaka.

Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu kijana anayeingia darasani Masaka leo akiwa na kitabu cha ngeli mkononi anaweza kukutana na mzazi anayeuliza: lugha ya wanajeshi mnampa mwanangu ya nini? Sarufi haina jibu la swali hilo. Isimujamii ina sehemu ya jibu, kwa kuwa hueleza mitazamo ya watu kuhusu lugha na huweza hata kuihesabu. Lakini kueleza jinsi sauti ya lugha moja ilivyokuja kubeba hofu katika nyumba moja, biashara katika nyumba nyingine, na starehe katika ya tatu, hiyo ni kazi hasa ya taaluma za utamaduni. Naisema starehe kwa makusudi. Miaka ya 2000 Jose Chameleone alijulikana kote Afrika Mashariki kwa nyimbo zilizochanganya Kiluganda na Kiswahili, na vijana wa Kampala walizicheza bila kuogopa. Baba alikuwa akisikia kizuizi cha barabarani, binti yake akisikia muziki, katika sebule ile ile. Mwanafunzi wa uzamili ambaye amefunzwa kuiona sebule hiyo kuwa mada ya utafiti atatusaidia zaidi kuliko tasnifu nyingine ya usawiri wa mhusika katika riwaya teule, na hilo nalisema nikiwa nimezisoma nyingi za namna hiyo, baadhi zikiwa nzuri.

Nirudi sasa kwenye upande ambao shutuma ya walimu ina haki. Uzoefu wa kusoma tasnifu katika idara za Kiswahili za ukanda huu unaonyesha ugonjwa mmoja unaojirudia. Sura ya pili ina kiunzi cha nadharia. Humo muasisi wa nadharia anatajwa, mwaka wake unatajwa, kisha inakuja mihimili ya nadharia, mitano au sita, kama masharti ya mkopo. Mtahini wa nje anaridhika kuiona. Halafu sura ya nne inaanza, uchambuzi unaendelea kama ambavyo ungeendelea bila nadharia yoyote, na kila baada ya kurasa tatu jina la muasisi linarudishwa ili asionekane amesahauliwa. Hall mwenyewe, aliyeiacha tasnifu yake kwa sababu mambo ya nje yalikuwa yakimwita, angeshangaa kujiona amegeuzwa kuwa mihimili mitano.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unaonekana kama afya. Mwanafunzi amejifunza kwamba kila matini ina mamlaka ndani yake, na sasa hapati kitu kingine. Mpe utenzi, atapata mamlaka. Mpe wimbo wa kubembeleza mtoto, atapata mamlaka. Mpe taarabu ya Siti binti Saad, yule mwanamke aliyetoka Fumba akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928, naye atakuandikia kurasa kumi juu ya tabaka na jinsia bila sentensi moja juu ya sauti, na sauti ndiyo iliyompeleka Bombay. Hapa simtetei mhakiki wa zamani aliyehesabu vina akaondoka. Nasema tu kwamba matabaka ya Unguja yalikuwa yamewabana wanawake wengi, lakini Siti alikuwa mmoja, na uhakiki usioweza kueleza kwa nini yeye haujamaliza kazi.

Basi, je, masomo ya juu lazima yazibe sikio? Kazi ya Euphrase Kezilahabi inanifanya nikatae. Hakusomea taaluma za utamaduni kwa jina hilo. Njia yake ilikuwa ya falsafa na uhakiki. Lakini yeye ni mfano wa mtu ambaye shahada zilimbadilisha mbele ya macho ya wasomaji. Alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji na diwani ya Kichomi mwaka 1974, akaandika tasnifu ya uzamili juu ya Shaaban Robert pale Dar es Salaam mwaka 1976, akatoa Gamba la Nyoka 1979. Kisha akaenda Wisconsin, ambako mwaka 1985 alimaliza uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya zikatoka Nagona (1990) na Mzingile (1991), na wasomaji waliozoea kijiji chenye jina, baba mkali na binti aliyepotoka wakajikuta wanamfuata msafiri katika ulimwengu usio na ramani. Wengi walilalamika, na wengine wanalalamika hadi sasa, miaka kadhaa baada ya kifo chake mwaka 2020. Binafsi naona Nagona ni kazi ngumu ambayo baadhi ya kurasa zake hazijalipa ugumu wake. Lakini isome kwa sauti. Sentensi ni fupi, zina mapigo, na picha zake ni za mtu aliyekulia Ukerewe akisikiliza masimulizi. Wisconsin ilimnyima imani yake ya zamani katika msimulizi anayejua yote. Haikumnyima Kiswahili.

Linalobaki ni Jumatatu asubuhi. Mwalimu aliyehitimu amerudi, ana insha arobaini mezani, na kalamu nyekundu mkononi. Afanye nini na "batoto"? Wapo wanaodhani kwamba jibu la taaluma za utamaduni ni kuiweka kalamu chini, eti kila Kiswahili ni sawa. Sikubaliani nao. Mtoto huyo atafanya mtihani wa taifa, na mtahini hatamuuliza historia ya Lubumbashi, atakata alama. Kumwachia aende hivyo kwa jina la heshima ni kumdhulumu kwa lugha laini. Wino upite.

Kinachobadilika ni maneno ya pembeni. Badala ya "kosa", mwalimu anaweza kuandika: "Kongo husema hivi, katika sanifu ni watoto." Ni maneno machache zaidi, na yanachukua sekunde kadhaa zaidi kwa kila daftari, jambo ambalo kwa insha arobaini si dogo. Lakini yanamwambia mwanafunzi mambo mawili kwa pamoja: kwamba nyumbani kwao panajulikana, na kwamba usanifu ni uamuzi. Uamuzi huo una tarehe, una kikao, na kwa miaka kumi ulikuwa na ofisi Makerere. Kiswahili sanifu kikifundishwa hivyo hakipungui. Kwa mwanafunzi wa Uganda, ambaye amezoea kuambiwa kwamba Kiswahili chake ni cha kuazima kutoka pwani, huenda kikaongezeka. Na mwalimu wa ushairi ataweza kumwonyesha pia kile ambacho nadharia peke yake haitamwonyesha: kwamba "mato" ya Muyaka imekaa katika mstari uliopimwa mizani na kufungwa vina, na kwamba sifa yake haitokani na lahaja tu.

Kwa wale wanaoandaa mapendekezo ya utafiti kwa muhula ujao, yapo mambo mengi ya kuanzia kuliko orodha ya riwaya teule. Upo Kiswahili cha wachuuzi wa Busia, ambao hubadili salamu kulingana na upande wa mpaka mteja alikotoka. Zipo nyimbo za miaka ya 2000, pamoja na swali la lini msanii wa Kampala huhama kutoka Kiluganda kwenda Kiswahili katikati ya ubeti, na kwa ajili ya nani. Zipo kanga zinazovaliwa huku na wanawake wasioweza kuyasoma majina yake, lakini wanajua vizuri nani hapaswi kuziona. Na wapo wastaafu wa jeshi na polisi walioamriwa na kuamuru kwa Kiswahili cha kambini; hao wana umri mkubwa, na kinasa sauti sasa kimo ndani ya simu ya kila mwanafunzi. Atakayekwenda kuwarekodi aende na daftari la fonetiki pia, na akirudi aanze kwa kuandika kila neno kama alivyolisikia, kabla hajamtaja muasisi yeyote.